CPT, ICD-10-PCS au OPCS-4: upasuaji wa baipasi ya moyo uwekewe misimbo ipi?

Anayeandaa ankara ya daktari mpasuaji nchini Marekani huandika 33533, msimbo wa CPT. Mwenzake wa ofisi ya kumbukumbu katika hospitali hiyo hiyo, akiwa na ripoti ile ile ya upasuaji, huandika 02100Z9, wa ICD-10-PCS. Msimbaji wa Uingereza akisoma maelezo hayo hayo huandika K45.3, wa OPCS-4. Wote watatu wako sahihi, na wote wanazungumzia ateri moja ya kifuani iliyoshonwa kwenye ateri moja ya moyo, ili damu ipate njia mpya ya kukwepa sehemu iliyoziba.

Hapo ndipo wengi hukwama. Kuna anayeanza kujifunza usimbaji wa kitabibu na hajui aanze na kitabu kipi. Kuna aliyepewa kazi ya kupanga kanzidata ya wagonjwa wa upasuaji wa moyo na lazima achague safu moja ya misimbo. Kuna mtafiti aliyepewa data za hospitali na anataka kujua kama takwimu zake zinaweza kuwekwa kando kwa kando na za nchi nyingine. Mimi naona swali la kwanza kwa wote hawa si mfumo upi ni mzuri, bali mfumo unahesabu nini. CPT inahesabu maungio ya pandikizi, yaani mshipa unaotumika kuchepusha damu, na ateri ya moyo. ICD-10-PCS inahesabu ateri za moyo zilizopelekewa damu. OPCS-4 nayo inahesabu ateri, ila kwa maneno machache zaidi. Tofauti nyingine karibu zote zinazaliwa hapo.

Vigezo tutakavyotumia

Kila mfumo nitaupima kwa mambo matano: unahesabu nini, unasema nini na unanyamaza nini kuhusu upasuaji, nani anautumia na kwa malipo gani, unapatikanaje na unabadilika mara ngapi, na unamtaka msimbaji ajue nini. Mwishoni mwa kila mmoja nitasema unamfaa nani.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano. Ateri zake tatu za moyo zimeziba. Daktari anafungua kifua, anamweka kwenye mashine ya moyo na mapafu, anaishusha ateri ya ndani ya kifua ya upande wa kushoto na kuishona kwenye ateri kubwa ya mbele ya moyo. Kisha vena ya safena inatolewa kwenye mguu wa kushoto kwa endoskopi, yaani kwa kamera kupitia tundu dogo, inakatwa vipande viwili, na kila kipande kinaunganishwa kutoka aota, ateri kuu itokayo moyoni, hadi ateri moja: kimoja cha pembeni, kimoja cha nyuma. Kwenye ripoti utakuta mstari mfupi: LIMA–LAD, SVG–OM, SVG–PDA. Msimbaji anaishi na mistari kama huo. Herufi nne za kwanza ni ile ateri ya kifuani, SVG ni vena ya mguuni, na kinachofuata baada ya kila kistari ni ateri ya moyo iliyopokea damu.

CPT

Inahesabu nini. CPT inamilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA, kilichoichapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Kwa baipasi, hesabu maungio ya mwisho, yaani pale pandikizi linaposhonwa kwenye ateri ya moyo. Kisha jiulize pandikizi ni la vena, la ateri, au mchanganyiko. Vena pekee ni 33510 hadi 33516. Ateri ni 33533 hadi 33536. Zikichanganyika, ateri ndiyo inayoongoza, na vena zinaingia kwa misimbo ya nyongeza 33517 hadi 33523, ambayo haisimami peke yake hata siku moja.

Mgonjwa wetu anapata 33533 kwa ateri moja, 33518 kwa vena mbili, na 33508 kwa sababu vena ilitolewa kwa endoskopi. Kosa linalowapata wengi wanaoanza ni kuandika 33533 pamoja na 33511. Wanaona vena mbili, wanaona maneno “vena mbili” kwenye 33511, wanafunga kazi. Lakini 33511 ni ya mgonjwa ambaye hana pandikizi la ateri kabisa.

Inasema nini. Inaeleza vizuri wingi wa kazi ya daktari: maungio ya vena hadi sita au zaidi, ya ateri hadi manne au zaidi. Ina msimbo wa upasuaji wa kurudiwa, 33530, kama zaidi ya mwezi mmoja umepita tangu ule wa kwanza. Ina 35600 kwa ateri iliyotolewa mkononi kwa kukata wazi, na tangu 2022 ina 33509 kwa ile iliyotolewa kwa endoskopi. Inachonyamazia ni kingi pia. Haisemi ateri ya kifuani ilikuwa ya kulia au kushoto. Haisemi ni ateri gani ya moyo iliyotibiwa. Haitofautishi aliyepasuliwa kwenye mashine ya moyo na mapafu na aliyepasuliwa moyo ukiwa unadunda. Namba ni zile zile. Kutoa vena ya mguuni kwa kukata wazi kumeshahesabiwa ndani ya msimbo mkuu, hakuandikwi peke yake.

Nani anaitumia. Madaktari wa Marekani katika kudai malipo yao, hata kama mgonjwa amelazwa. Abu Dhabi na Dubai pia zinaitumia katika madai ya bima. Maungio yakiongezeka, malipo yanaongezeka, kwa hiyo kosa la kuhesabu linaonekana moja kwa moja kwenye fedha. Kwa Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, malipo ya upasuaji huu yanabeba pia ufuatiliaji wa siku 90, na anayedai ziara ya kawaida ya baada ya upasuaji ndani ya siku hizo hulipwa sifuri.

Upatikanaji. Ni mali yenye hakimiliki: unanunua kitabu au leseni. Toleo jipya huanza kutumika kila Januari 1.

Inataka ujue nini. Misimbo ni michache na maelezo yake yanasomeka, hivyo mwanzo ni mwepesi. Ugumu uko kwenye kanuni zilizozunguka misimbo: ipi inaambatana na ipi, na ni modifaya gani, yaani alama ya nyongeza juu ya msimbo, inaingia. Mfano ni msaidizi wa daktari anapotoa vena. Kazi yake inaandikwa kwa modifaya ya msaidizi juu ya msimbo wa baipasi, haipewi msimbo wake wa peke yake.

Inamfaa anayetaka kufanya kazi upande wa ankara za madaktari, na yeyote ambaye swali lake ni “daktari alifanya kazi kiasi gani?”

ICD-10-PCS

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wenye akili zao timamu hupotea.

Inahesabu nini. Mfumo huu hauna orodha ya kuchagua; una majedwali ya kujengea. Kila msimbo una nafasi saba, na kila nafasi inabeba maana yake. Herufi I na O hazitumiki, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Baipasi ya moyo iko kwenye jedwali 021: sifuri ni upasuaji, 2 ni moyo na mishipa mikubwa, 1 ni kitendo cha kuchepusha damu. Nafasi ya nne inasema idadi ya ateri za moyo: 0 ni moja, 1 ni mbili, 2 ni tatu, 3 ni nne au zaidi. Angalia vizuri hapo, maana tarakimu iko nyuma ya idadi kwa moja, na jicho lililochoka husoma 1 kama ateri moja. Nafasi ya tano ni njia ya kuingilia, ya sita ni aina ya pandikizi, ya saba ni damu inatoka wapi.

Hiyo ya saba ndiyo mtego mkubwa. Katika baipasi nyingine zote za mfumo huu, nafasi ya nne inataja mshipa damu inapotoka na ya saba inapokwenda. Kwa ateri za moyo mpangilio umegeuzwa, na kanuni B3.6b inasema hivyo waziwazi. Aliyejifunza kwanza baipasi za miguuni akifika kwenye moyo lazima ageuze kichwa chake pia.

Kanuni inayofuata, B3.6c, inasema kila kundi la ateri lenye pandikizi tofauti au chanzo tofauti lipate msimbo wake. Kwa mgonjwa wetu:

02100Z9: ateri moja ya moyo, wazi, bila pandikizi la kuongezwa, damu kutoka ateri ya ndani ya kifua ya kushoto.
021109W: ateri mbili za moyo, wazi, kwa vena ya mgonjwa mwenyewe, damu kutoka aota.
06BQ4ZZ: kutolewa kwa vena ya safena ya kushoto kwa endoskopi.
5A1221Z: mashine ya moyo na mapafu.

Ile Z kwenye msimbo wa kwanza huwasumbua wengi. Ateri ya kifuani haikukatwa pande zote mbili. Iliachwa na mzizi wake, ikashushwa tu, ndiyo maana hakuna pandikizi. Daktari akiikata kabisa na kuianzisha kwenye aota, msimbo unakuwa 02100AW. Hospitali ile ile, ateri ile ile, misimbo miwili tofauti. Anayeamua ni sentensi moja ndani ya ripoti, na ikiwa sentensi hiyo haipo, msimbaji anampelekea daktari swali kwa maandishi. Kubahatisha hakuruhusiwi.

Inasema nini. Kulia au kushoto, vena au ateri, imetoka wapi, mguu upi, mashine ilitumika au la: yote yamo. Lakini haina msimbo wa upasuaji wa kurudiwa. Unaandika kilichofanyika leo kana kwamba ni mara ya kwanza. Na hata hapa hakuna nafasi ya kutaja ni ateri gani ya moyo iliyopokea damu. Ipo idadi tu.

Nani anaitumia. Hospitali za Marekani kwa wagonjwa waliolazwa, tangu Oktoba 1, 2015. Ubelgiji na Hispania nazo ziliuchukua mfumo huu. Kuhusu malipo kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha: kundi la malipo la Medicare kwa baipasi, kati ya 231 na 236, halijali umeunganisha ateri mbili au nne. Linalojali ni kama mgonjwa alipigwa picha ya moyo kwa katheta ndani ya kulazwa huko huko, kama ateri zilipanuliwa kwa puto, na kama ana tatizo kubwa la ziada, mfano mshtuko unaotokana na moyo kushindwa kusukuma damu, R57.0. Msimbaji anaweza kuhesabu ateri kwa usahihi kabisa, akasahau 4A023N7 ya katheta iliyofanywa siku mbili kabla, na hospitali ikaangukia 235 au 236 badala ya 233 au 234.

Upatikanaji. CMS, idara ya serikali inayosimamia Medicare, inatoa majedwali yote bure. Mabadiliko makubwa huja kila Oktoba 1, na mengine Aprili 1. Moja linagusa mada yetu moja kwa moja: hadi Septemba 2016 nafasi ya nne ilihesabu sehemu za ateri, na kuanzia Oktoba 2016 inahesabu ateri. Mtafiti anayevuka tarehe hiyo bila kujua atalinganisha vitu viwili visivyofanana.

Inataka ujue nini. Anatomia, bila msamaha. Pia uwezo wa kusoma ripoti nzima, si kichwa chake. Kichwa kikisema baipasi nne na maelezo ya ndani yakaonyesha maungio matatu, maelezo ya ndani ndiyo yanayosimbwa, na tofauti inaulizwa.

Inamfaa anayelenga kazi za hospitali kwa waliolazwa, na anayehitaji maelezo ya kina bila kulipia leseni.

OPCS-4

Inahesabu nini. Huu ni mfumo wa Uingereza, unaotumika katika NHS, huduma ya afya ya taifa ya huko. Msimbo una herufi moja na tarakimu tatu. K40 ni ateri ya moyo iliyopewa pandikizi la vena ya safena: K40.1 ateri moja, K40.2 mbili, K40.3 tatu, K40.4 nne au zaidi. K41 ni mapandikizi mengine ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, kwa mfano ateri ya mkononi. K45 ni ateri za kifuani kuunganishwa na za moyo.

Mgonjwa wetu anapata K45.3, K40.2, na Y73.1 kwa mashine ya moyo na mapafu.

Inasema nini. K45.3 inasema jambo ambalo mifumo mingine miwili haisemi: ateri ya kifuani imeshonwa kwenye ateri kubwa ya mbele ya moyo. Ikishonwa kwingine ni K45.4. Kwa anayefuatilia matokeo ya upasuaji hii ni taarifa ya thamani, maana pandikizi hilo ndilo linalosifika kudumu kuliko yote. Upande wa kulia au kushoto haumo kwenye msimbo wenyewe. Unaongezwa kwa misimbo ya kundi Z.

Nani anaitumia. Wasimbaji wa hospitali za NHS. Misimbo inaingia kwenye makundi ya malipo ya huko, na pia kwenye takwimu za taifa.

Upatikanaji. Faili hupatikana kwa kujisajili kwenye huduma ya NHS iitwayo TRUD. Matoleo hayabadiliki kila mwaka: 4.9 ilianza Aprili 2020, 4.10 ikafuata Aprili 2023. Kwa anayetunza data za muda mrefu, utulivu huo ni faraja.

Inataka ujue nini. Misimbo michache, lakini viwango vya kitaifa vya usimbaji lazima visomwe pamoja nayo.

Inamfaa anayefanya kazi Uingereza, na anayetaka muundo mwepesi ambao bado unatenganisha vena na ateri.

Pale inapoachana

Badilisha mgonjwa kidogo uone. Tuseme vena moja imeshonwa sehemu mbili kwenye ateri ile ile ya kulia ya moyo. CPT inaona maungio mawili. ICD-10-PCS inaona ateri moja, na OPCS-4 vilevile. Mtu akijumlisha “idadi ya baipasi” kutoka nchi mbili bila kuangalia hili, atasema madaktari wa upande mmoja wanaunganisha zaidi, wakati kazi ni ile ile.

Au tuseme mgonjwa ana ateri ya kifuani pamoja na ateri ya mkono wa kushoto iliyotolewa kwa kukata wazi na kuanzishwa kwenye aota. CPT inazijumlisha zote kuwa ateri mbili, 33534, na kuongeza 35600. ICD-10-PCS inazitenga: 02100Z9, 02100AW, na 03BC0ZZ kwa kutoa ateri ya mkono. OPCS-4 inazitenga pia: K45.3 na K41.1.

Na kuna mambo ambayo hakuna hata mmoja kati ya mitatu unaoyabeba: nguvu ya moyo kusukuma damu kabla ya upasuaji, ubora wa mshipa uliopokea damu, muda aota ilivyobanwa. Hayo hutunzwa kwenye rejista za kitabibu, kama ile ya chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani, STS, iliyoanza 1989. Mgonjwa akirudi miaka baadaye kwa jambo jingine, alama ya kwamba alifanyiwa baipasi iko kwenye misimbo ya magonjwa, Z95.1, nje ya mifumo hii yote.

Uchague kwa hali yako

Kama unatafuta kazi ya ankara za madaktari wa Marekani, anza na CPT. Cheti cha CPC cha AAPC, chama cha wasimbaji cha Marekani, kinakwenda njia hiyo, na baadaye kipo CCVTC kwa wanaobobea upasuaji wa moyo na kifua. Usiache kujifunza misimbo ya magonjwa sambamba. Dai la baipasi lisilo na ugonjwa unaolihalalisha linarudi.

Kama unalenga hospitali na wagonjwa waliolazwa, anza na ICD-10-PCS na uipe anatomia ya moyo muda wa kutosha kabla ya kugusa majedwali. Vyeti vya CCS cha AHIMA, chama cha wataalamu wa kumbukumbu za afya, na CIC cha AAPC vinapima upande huu. Tangu Januari 2026 baipasi ya moyo imo kwenye mpango wa Medicare uitwao TEAM, unaozibebesha hospitali zilizoteuliwa gharama za mgonjwa hadi siku 30 baada ya kutoka, kwa hiyo usahihi wa misimbo hii unaangaliwa kwa karibu zaidi.

Kama uko Uingereza au unaelekea huko, OPCS-4 haina mbadala, na sifa ya kitaifa ya NCCQ ndiyo inayotambulika.

Kama unapanga kanzidata yako mwenyewe na hulazimiki kudai bima, naelekea kwa ICD-10-PCS ikiwa una wasimbaji waliofunzwa, na OPCS-4 ikiwa wanaoingiza data ni wachache na wana kazi nyingine. Kwa vyovyote, ongeza safu mbili za maandishi ya kawaida: idadi ya maungio, na jina la kila ateri ya moyo iliyopokea damu. Zitakuokoa siku mtu atakapouliza swali ambalo msimbo haulijibu.

Kama una data za Marekani zinazovuka Oktoba 2015, jua kwamba miaka ya nyuma imeandikwa kwa ICD-9-CM, mfumo uliotangulia: 36.11 hadi 36.14 kwa baipasi kutoka aota, 36.15 na 36.16 kwa ateri za kifuani. Tafsiri za kompyuta kutoka huko kwenda majedwali mapya zina mapengo, kwa sababu 36.12 ilijua ateri ni mbili lakini haikujua pandikizi lilikuwa la aina gani. Sampuli ya ripoti halisi za vipindi vyote viwili, zikisimbwa upya na mtu mmoja, itakuonyesha pengo ni kubwa kiasi gani kabla hujachora grafu yoyote.